Kinywaji si Ungamo

Immakulata alirudi kutoka sokoni na unga wote aliokwenda nao. Aliutua mlangoni, akafungua mdomo wa mfuko.

"Baba, nusa."

Nikanusa. Unga wa muhogo una harufu yake ya uchachu, na kwetu hiyo ni harufu ya chakula. Huu ulinuka sabuni na mafuta yaliyolala.

"Mama mmoja wa kambi ya wakimbizi, Mkongo, kaniuliza kama mihogo nimeloweka au nimefua," alisema. "Watu wakacheka. Kisha wakahamia kwa muuzaji wa pili."

Immakulata ni mkamwana wangu, mjane wa kijana wangu wa kwanza. Yeye na watoto wake wanaishi kwangu, na wote tunaishi kwa unga huo. Mihogo huiloweka bondeni, katika vidimbwi vilivyochimbwa kando ya kijito chetu cha Nyamugera, mpaka ilainike, ndipo huianika na kuisaga. Lakini mwaka huo Evaristi Nduwayezu alikuwa amefunga mashine ya kukamua mawese upande wa juu wa kijito. Maji aliyochemshia chikichi, meusi na mazito, aliyaacha yateremke yenyewe. Vidimbwi vikawa na ngozi ya mafuta. Mvua nazo zilikuwa zinakaribia, na zikishaanza mihogo haikauki tena. Immakulata angekuwa amekosa msimu mzima.

Sikuweza kukaa. Nilizunguka nyumba, nikaenda hadi njia panda nikarudi, nikaingia ndani nikatoka. Kesho yake alfajiri nilivaa koti nikaenda Kasulu mjini kwa wakili.

Wakili huyo anaitwa Apoline Niyomwungere. Ofisi yake iko nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na umri wake haufikii wa kitinda mimba wangu.

"Mwakeye, mzee wangu," alinisalimu kwa lugha ya kwetu. "Karibu ukae."

"Namshtaki Evaristi Nduwayezu," nilisema nikiwa bado nimesimama. "Kuchafua maji. Sheria ninaijua, hairuhusiwi kufanya kazi kama ile ndani ya mita sitini za kijito. Nimeisoma mwenyewe."

Na kweli niliisoma. Kusoma nilijifunza ukubwani, katika darasa la jioni kule kambini Mtabila nilipokuwa mkimbizi, baada ya kutwa nzima ya kulima, na tangu hapo karatasi yenye maandishi hainipiti.

"Kesi naweza kuifungua," alisema wakili. "Lakini kabla ya kesi kuna usuluhishi. Tunakaa pamoja, ninyi na yeye, tunatafuta..."

"Hapana." Nikaanza kutembea humo ndani, hatua chache kwenda na chache kurudi, maana chumba kilikuwa kidogo. "Binti yangu, nisikilize. Kambini kila ugomvi ulikatwa kwa neno moja, pataneni. Umeibiwa turubai, pataneni. Umepigwa, pataneni. Tulikuwa wageni, na mgeni hana hakimu. Leo nina uraia. Nataka kusimama mbele ya hakimu, chini ya ngao ya taifa, nimsikie akitamka kwamba Evaristi amekosa."

"Mimi nimezaliwa Mtabila," alisema wakili. "Neno hilo nalijua. Lakini kaa basi, mzee, unanitia kizunguzungu. Nitakuja nikione hicho kijito kabla sijaandika chochote."

Alikuja akiwa amevaa mabuti ya mpira, na futi ya kupimia mkononi. Alipima kutoka mashine ya Evaristi hadi majini. Hazikufika hata nusu ya mita sitini. Moyo wangu ulipanda. Nilidhani sasa tutarudi nyumbani tukaandike mashtaka, lakini yeye alikunja futi yake akaendelea kuteremka, mpaka vidimbwini, mahali Immakulata alipokuwa amesimama ndani ya maji akigeuza mihogo. Maji yalikuwa na povu jeupe, nayo yalivuja taratibu kurudi kijitoni. Hapo wakili hakukunjua futi. Mtu angeweza kuruka kutoka kidimbwi hadi kijitoni bila kuchafua kiatu.

"Mzee Leonidasi, nikishamweleza hakimu hizi mita sitini zangu, wakili wa Evaristi atauliza swali moja tu. Vidimbwi hivi vya nani?"

"Vya akina mama! Mihogo si mawese."

"Wale wa kitongoji cha chini wanaochota maji haya, umewahi kuwauliza yana ladha gani?"

Immakulata akacheka, mara yake ya kwanza tangu siku ile ya soko. "Wao wanatuita Wachachu," alisema. "Tukipita na ndoo wanaziba pua."

Mimi jina hilo sikuwahi kulisikia.

"Sheria ikiteremka bonde hili haitachagua," wakili alisema. "Naweza kumshinda Evaristi, na siku hiyohiyo mkamwana wako akaambiwa atoke majini. Na hata hivyo mvua haiisubiri kesi. Nipe kikao kimoja."

Nilimpa. Moyo wangu sikumpa.

Tulikutana katika ukumbi wa parokia. Mimi nilikuwa na Immakulata na akina mama wa bondeni. Evaristi alikuja na wafanyakazi wake, na baiskeli iliyobeba dumu kubwa la urwarwa, pombe yetu ya ndizi. Huyo Evaristi namjua vizuri. Kambini tulipakana viwanja, na hata huko maji ya mvua ya kwake yalipitia kwangu.

Sasa, kwa sisi wenye asili ya Burundi kuna jambo halihitaji kufundishwa. Watu wakigombana na wazee wakakaa, aliyekosa ndiye huleta pombe. Haulizwi ya nini. Nilipoliona lile dumu likiingia mlangoni, nilisimama hata benchi likaanguka.

"Amekiri! Mmeona wote. Wakili, andika!"

Evaristi alikuwa ameshika kikombe. "Nimekiri nini?"

"Hiyo urwarwa ni ya nini?"

"Ya kiu, Leonidasi! Jua lote hili, nimekuja na watu, ulitaka niingie mikono mitupu kama mkusanya ushuru?"

Watu wakacheka, hata wa upande wangu.

"Mkosaji ndiye huleta," nikasema.

"Na mwenye adabu huleta nini? Mdomo kama wako?"

Alikifunga kifuniko cha dumu kwa kiganja, akalirudisha kwenye baiskeli. Watu wake wakamfuata. Wakili aliwahi kumwita mara mbili, lakini alikuwa ameshavuka uwanja wa kanisa.

Immakulata alinyanyua benchi nililoliangusha, akaliweka sawa.

"Umeshinda, baba," alisema. "Twende basi tukaloweke ushindi."

Siku iliyofuata upepo ulianza kuja kutoka upande wa ziwa, na mawingu yakakaa juu ya vilima vya Titye bila kuondoka. Nilitarajia wakili arudi zake Kasulu. Hakurudi. Alilala kwa masista, na asubuhi akapanda kwa Evaristi peke yake. Akateremka kwangu. Akapanda tena. Nilimwona akipita na mabuti yake, na kila akipita nilitoka nje.

"Amesema nini?" nilimuuliza.

"Aliyoniambia faraghani ni yake, kama yako yalivyo yako. Nitakupa yale tu aliyoniruhusu." Akaketi juu ya kinu kilicholala. "Wewe nataka kukuuliza. Nikiliondoa neno amekosa, unabaki unataka nini?"

"Huwezi kuliondoa."

"Nijaribie tu."

Nilitembea hadi kwenye migomba nikarudi. "Maji yasiyo na mafuta."

"Lini?"

"Kabla ya mvua! Hulioni hilo wingu?"

"Naliona. Evaristi anaogopa kufungiwa mashine, hilo ameniruhusu kukwambia. Na nyuma ya banda lake nimeona mapipa yaliyochakaa kwa kuchemshia, hayafai tena kwa moto. Je, yanafaa kuloweka mihogo?"

Immakulata alijibu kutoka jikoni. "Yakisuguliwa kwa majivu yanafaa sana! Na maji yake tungemwagia migomba, ingefurahi."

Jioni hiyo wakili aliniletea karatasi. Sentensi ya kwanza ilisema: Lolote linalosemwa au kuletwa katika vikao vya shauri hili, kinywaji kikiwamo, si ungamo wala ushahidi mahakamani.

Niliisoma, nikaisoma tena. Kwa maisha yangu yote sikuwahi kumpata Evaristi na dumu mkononi mbele ya mashahidi, na sasa sentensi moja ilikuwa inaninyang'anya.

"Hii umemwandikia yeye."

"Nimewaandikia wote. Wewe nawe ukisema kesho kwamba vidimbwi vinachafua wa chini, hakuna atakayelibeba neno hilo kwa hakimu. Mzee wangu, mtu akijua kila neno lake litakuwa kamba ya kumfungia, atasema kweli lini?"

"Ni pataneni ileile."

"Si ileile." Sasa ni yeye aliyesimama. "Kule walisema pataneni wakapanda gari wakaondoka. Hapa imeandikwa nani anafanya nini, kwa utaratibu upi, na asipofanya kinafuata nini. Mlango wa mahakama sijaufunga. Umeegeshwa tu."

Nilitia sahihi. Kalamu ilichana karatasi kidogo.

Evaristi naye alitia yake. Makubaliano yalikuwa haya. Evaristi asiachie hata tone liingie kijitoni, na asikamue mpaka achimbe mashimo mawili ya kutuamishia maji machafu, moja likijaa limwagikie la pili, na ampigie wakili kabla ya kuwasha. Mapipa yake awape akina mama. Akina mama wafukie vidimbwi, waloweke mihogo huko juu kwenye migomba. Na yeyote akishuku kwamba mwenzake amevunja, ampigie wakili kwanza kabla ya kufungua mdomo. Kifungu hicho cha mwisho kiliandikwa kwa ajili yangu, na wakili hakujaribu kuficha.

Tulianza kufukia. Mapipa yalikuwa yamekwisha kuja, nami nilikuwa nimefika kwenye kidimbwi cha Immakulata, cha mwisho, niliposikia mlio huko juu. Mashine. Ilikohoa, ikakohoa tena, kisha ikashika.

"Mmesikia?" nikasema. "Mmesikia mtu huyo?"

"Baba, kifungu," alisema Immakulata. "Piga simu."

Nilikuwa nimeshaanza kupanda, jembe begani. Mtandao unapatikana ukifika mgongoni mwa kilima, na nilipofika hapo nilikuwa nahema kama ng'ombe wa kukokota. Lakini nilikuwa na furaha. Nilikuwa na furaha iliyowaka.

"Amewasha!" nilimwambia wakili. "Amevunja. Fungua kesi leo hii."

"Uko wapi, mzee?"

"Nafika bandani. Naiona mashine inazunguka."

"Maji yanaenda wapi?"

"Anakamua, wakili, nakwambia anakamua na..."

"Nimekuuliza maji."

Nikatazama. Evaristi alikuwa peke yake, tope magotini, akisukuma takataka za chikichi kwa koleo. Maji meusi yalitoka chini ya mashine, yakafuata mfereji mpya, yakaingia katika shimo la kwanza. Niliteremka hadi ukingo wa kijito. Nilikagua nyasi. Nilipiga magoti nikapapasa ardhi kwa kiganja nikitafuta unyevu. Nilitafuta kwa haki, na kwa kutaka sana kuupata.

"Mzee?" sauti iliita kwenye simu.

"Yanaingia shimoni," nilisema.

"Yote?"

Neno hilo lilikataa kutoka, nikalisukuma. "Yote."

"Hata hivyo alipaswa kunipigia kabla ya kuwasha. Hilo nitamwambia mwenyewe, leo. Wewe baki hapo uangalie."

Evaristi alikuwa ameniona. Aliegemea koleo. "Umepata unachotafuta?"

"Karatasi ilisema mashimo mawili."

"Chikichi zilikuwa zimeshachemshwa kabla ya karatasi. Ulitaka zioze?"

"La pili liko wapi?"

Akaonyesha kwa kidevu. Lilikuwa limechimbwa kufika kiunoni, likaachwa. "Vijana wamekwenda mnadani. Mimi nina mikono miwili tu."

Nikalitazama lile la kwanza. Lilikuwa linajaa haraka kuliko nilivyodhani, na ukingo wa upande wa kijito ulikuwa umeanza kulowa. Bonge la udongo likameguka mbele yetu, likazama bila sauti. Ningeweza kusimama pale mikono mfukoni mpaka ukingo ukatike. Maji yangefika kijitoni, na mimi ningekuwa na haki yangu kamili, iliyoandikwa na kutiwa sahihi. Huko chini Immakulata alikuwa anamwaga udongo wa mwisho.

"Zima mashine," nilisema.

"Bado pipa moja."

"Litakaa hapohapo mpaka shimo la pili liwe tayari. Zima, Evaristi. Huo ukingo hauna dakika nyingi."

Alinitazama, akautazama ukingo, akaenda kuzima. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa, na ndani yake tulisikia ngurumo upande wa Kibondo, mbali.

Niliingia katika shimo la pili, nikaanza na kona ya upande wa kijito. Udongo wa pale ni mgumu, una changarawe. Evaristi alikuja akasimama juu yangu na koleo lake.

"Taratibu, hakimu," alisema. "Usije ukajizika kabla hujanihukumu."

Nikarusha bonge la udongo karibu na miguu yake. "Shuka huku uchote hii, au ondoka kwenye mwanga wangu."

Akashuka. Upepo uligeuka, ukaleta harufu ya mvua iliyokuwa inanyesha kwa watu wengine, na shimo lilikuwa bado halijatufika kifuani.