Nyuma ya Mwakilishi

Mwalimu Bethwel Kipyego hakuwahi kuomba kuwa mwakilishi wa chama cha walimu. Siku ya kuchagua alitoka kidogo kwenda msalani, na aliporudi alipokewa kwa makofi. Kumbe walimu wa Shule ya Msingi ya Kiwandani walikuwa wakitafuta mtu asiyekuwepo, ili asipate nafasi ya kukataa, naye akawa amewarahisishia kazi kwa tumbo lake. Wakamwambia amepita bila kupingwa. Akacheka nao. Alifikiri kazi yenyewe ni kuwakumbusha watu mikutano ya tawi huko mjini Eldoret na kupanga safari mtu akifiwa.

Shule ilikuwa imejibanza nyuma ya kiwanda cha mbao, na misumeno ilipoanza kulia asubuhi, mwalimu alipaaza sauti mpaka saa ya chai. Labda ndiyo sababu walimu wa Kiwandani walikuwa watu wa maneno makubwa. Neno lao kubwa kuliko yote lilikuwa hili: "Mwalimu, sisi tuko nyuma yako." Paa la darasa la tano likivuja, Bethwel aende kwa mwalimu mkuu, wao wako nyuma yake. Chaki zikiisha, aende tu, wako nyuma yake. Akirudi kutoka huko amesemwa kwa upole hadi masikio yamewaka moto, anakuta wamemaliza chai na mandazi. Hata hivyo aliwapenda wenzake, na kusema kweli alipenda kulisikia neno lile. Lilimpa kichwa.

Mwaka huo ulikuwa wa 1988, na watu walikuwa wameteua wagombea wa chama tawala kwa mlolongo. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Mgombea alisimama mbele, au mtu wake akashika picha yake, na aliyemtaka akajipanga nyuma mchana kweupe, chifu akiangalia. Muthoni, mwalimu wa darasa la nne, alijipanga nyuma ya mtu ambaye mlolongo wake ulikuwa mfupi. Mlolongo mfupi una ubaya huo, kwamba kila sura inaonekana. Haukupita muda, habari ikafika shuleni kwamba Muthoni atapewa uhamisho, aende kufundisha huko chini bonde la Kerio, mahali ambapo gari hufika likijisikia.

Kwa mwalimu mwingine huo ungekuwa usumbufu. Kwa Muthoni ulikuwa msiba. Mumewe, Gichuru, alikuwa dereva wa lori la mbao, na lori lilimwangukia karibu na Timboroa. Tangu siku hiyo alikuwa mtu wa kulala kitandani katika nyumba yao ya mtaa wa Pioneer, akigeuzwa na kulishwa. Muthoni alimgeuza alfajiri, akakimbia nyumbani saa ya chakula cha mchana kumgeuza tena, kisha jioni. Hakuwa na mtu mwingine wa kumsaidia.

"Mwalimu, mimi siombi kitu ingine," alimwambia Bethwel. "Niachwe tu hapa. Nikienda huko, Gichuru ataoza kwa kitanda."

Bethwel alikwenda kwa katibu wa tawi mjini. Katibu akafunga mlango kwanza, halafu akamwambia kwamba mwaka huu ni vizuri walimu wawe wapole. Basi Bethwel akaenda kwa mwalimu mkuu, Bwana Kituyi.

Kituyi alimkaribisha kwa adabu, na adabu ya Kituyi ndiyo iliyotisha watu. Mtu mwenye kufoka utamjua amekasirikia nini. Huyu alikuvutia kiti, akakuuliza ng'ombe wako hawajambo.

"Afisa wa elimu anakuja Ijumaa," alisema. "Atauliza kama chama chenu kina neno juu ya huyu mama. Wewe utasema hakuna neno. Ni hivyo tu."

"Na kama kuna neno?"

"Huko chini walimu hawatoshi, Bwana Kipyego. Nasikia wangefurahi wakipata hata wawili." Kituyi akatabasamu. "Mama watoto hajambo?"

Mama watoto alikuwa Rael, na Rael alifundisha darasa la kwanza shuleni hapohapo. Walikuwa na kipande cha shamba upande wa Kaptagat, viazi vikiwa vimeshika vizuri, na watoto wao walikuwa shule za karibu. Bethwel alitoka ofisini akijihisi kama amefungiwa katika stoo bila dirisha. Akinyamaza, Gichuru ataoza, na yeye ndiye atakuwa ametoa ruhusa kwa niaba ya walimu wote. Akisema, Rael atang'olewa pamoja naye. Akafikiria kujiuzulu, lakini siku hizo hata kujiuzulu kulikuwa ni kupinga, na watu wangetaka kujua anapinga nini na ametumwa na nani. Kila upande alipogeukia palikuwa na ukuta.

Jioni alimweleza mkewe akiwa anasonga ugali. Rael alisikiliza bila kugeuka.

"Mimi usiniulize," akasema. "Wewe sema ile unaona ni haki. Lakini usiseme peke yako."

Ushauri huo aliufuata. Akawapitia walimu, mmoja darasani, mwingine chini ya paa la baiskeli, akawauliza uso kwa uso. Wote walimpa jibu moja. Oketch, mwalimu wa hesabu, alimshika mkono na kuutikisa kwa nguvu. "Hiyo maneno ni ya sisi wote, Mwalimu. Sema tu bila woga. Tuko nyuma yako kabisa." Bethwel akalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza wiki hiyo.

Ijumaa afisa alifika, mtu mnene mcheshi aliyevaa koti zito kwa sababu ya baridi. Bethwel akiwa darasani, alimwona Muthoni akiitwa ofisini kwa mwalimu mkuu. Alipotoka alikuwa ameinamisha kichwa, akipangusa macho kwa mkono wa sweta. Bethwel akamwonea huruma, akajua wamemgombeza. Hasira aliyoipata hapo ndiyo iliyompeleka kwenye mkutano.

Walimu wote walijazana katika chumba chao. Afisa akazungumza juu ya utiifu, juu ya umoja, juu ya miti ya kupandwa, kisha akauliza kama mwakilishi wa chama ana neno.

Bethwel akasimama. "Tuna neno," akasema. "Mwalimu Muthoni ana mgonjwa nyumbani na tunaomba asihamishwe. Hili si langu peke yangu. Walimu wote wa shule hii wako nyuma yangu."

Hapo ndipo alipoharibu. Mwaka mwingine wowote maneno hayo yangekuwa maneno tu, yangepita kama yalivyozoea kupita. Lakini mwaka ule mtu hakutaja watu walio nyuma yake halafu akakaa chini. Afisa akacheka kwa furaha kabisa.

"Wote wako nyuma yako? Hiyo si ngumu. Twende nje tuone."

Wakatoka uwanjani. Kituyi akasimamishwa karibu na mlingoti wa bendera. Bethwel akapelekwa upande wa pili, akaambiwa aangalie ua wa misaiprasi na asigeuke, kwa maana mgombea hageuki watu wanapojipanga. Anayetaka mambo ya shule yaende jinsi yalivyopangwa, afisa akasema, asimame nyuma ya mwalimu mkuu. Anayemfuata mwakilishi, amfuate. Watoto walikuwa wamebandika nyuso madirishani. Misumeno ya kiwandani ilikuwa imenyamaza kwa mapumziko, na Bethwel akatamani ilie.

Alisikia viatu kwenye nyasi. Vilianza pamoja, vikasita, kisha vikaenda, na havikuwa vinakuja. Alitaka kugeuka na aliogopa kugeuka. Mtu mzima mwenye watoto, akawa anakodolea macho majani ya msaiprasi kama aliyepewa adhabu. Nyuma yake kulikuwa na upepo tu.

Kisha mtu akaja. Alimsikia akisimama karibu, akihema. Bethwel akashusha pumzi. Angalau mwenyewe mwenye shida amekuja, akawaza, na moyo ukamlainika.

"Usiogope, Mwalimu Muthoni," akanong'ona.

"Muthoni yuko kule," sauti ya mkewe ikamjibu.

Bethwel akageuka bila ruhusa. Rael alikuwa amesimama peke yake, mikono ameikunja kifuani. Wengine wote walikuwa nyuma ya Kituyi, Oketch akiangalia viatu vyake kama mtu aliyepoteza sarafu. Na karibu kabisa na mbele, ameinama vilevile alivyotoka ofisini, alikuwa Muthoni.

Afisa hakuhitaji kuhesabu, lakini alihesabu, polepole. Halafu akatangaza kwamba mwenye malalamiko mwenyewe amejiunga na wenzake, kwa hiyo hana malalamiko, na atabaki Kiwandani. Nafasi za huko chini zitajazwa na hawa wawili wanaopenda kusimama peke yao. Watu wakacheka, kwa kuwa aliyetania ni afisa.

Walipotawanyika Muthoni alimjia. Alisimama mbali kidogo, kama aliyetarajia kofi.

"Waliniambia nikisimama kule nitabaki," akasema. "Ningefanya aje, Mwalimu?"

Bethwel alitafuta tusi la kumtosha. Alikuwa na haki ya tusi moja. Lakini alichokuwa amekiomba mbele ya afisa kilikuwa kimekubaliwa chote, neno kwa neno, na mchana ulikuwa umefika.

"Kimbia ukamgeuze mzee," akamwambia.

Alirudi nyumbani na Rael kwa njia ya nyuma ya kiwanda, kwenye vumbi la mbao.

"Si uliona watu wote wameenda kule," Bethwel akasema. "Ungewafuata ungebaki na watoto."

"Niliona. Halafu jioni ningekuangalia na macho gani?" Rael akapiga hatua chache, na hasira yake ikaanza kupanda sasa, baada ya mambo kwisha. "Lakini hawawezi kutufukuza hivi hivi kama kuku. Chama ni cha nini? Lazima kuna mahali mwalimu anapeleka malalamiko. Anaanzia kwa nani?"

Bethwel akafungua mdomo kumjibu, kwa sababu jibu alilijua vizuri, kisha akaufunga.

"Bethwel, nakuuliza. Mwalimu akionewa kwa shule yetu, anaanzia kwa nani?"

"Kwangu," akasema.