Kamba za Mgomba kwenye Msitu wa Emérence

Jumamosi ile ya Salongo, kazi ya lazima ya Serikali, mwaka wa sabini na nne, watu wa Nyantende walipanda kilima na mapanga yao kwenda kufyeka msitu mdogo wa Maman Emérence. Agronome Léopold, bwana shamba wa Serikali, aliyelifuta jina hilo la Kizungu kwenye karatasi kama ilivyoamriwa ila mama yake mzazi akaendelea kumwita hivyo, alitaka pawe na miti ya kalitusi tupu, kwa mistari, kama shamba la Serikali ng'ambo ya barabara.

Emérence akasimama mbele ya mkuyu. Miti ile mchanganyiko aliachiwa na marehemu mumewe. Ikikatwa, kuni, dawa na kivuli cha kahawa vyote vimekwenda.

"Agronome, mutoto yangu, mbele ya kukata, tupime."

"Kupima nini, maman? Kalitusi yangu inafika mbinguni. Yako iko fujo tu!"

"Najua, malaika wanaanika nguo kwako. Lakini tusipime muti moja. Hatua kumi kwa kumi, kwako na kwangu. Kila muti tuzungushe kamba ya mugomba, kisha tuziunge zote ncha kwa ncha, tuone ya nani ni ndefu."

"Citoyen anaogopa kamba?" akachokoza jirani, Polycarpe, akimwita kwa anwani mpya ya Serikali.

Basi wakapima, abacost ya Léopold, koti lile la Serikali lisilo na tai, ikilowa jasho. Kamba ya Serikali iliishia mtaroni. Ya Emérence ilivuka barabara, ikapita kisima, ikateremka bonde. Waliokuwapo huapa kwamba wanawake wa Mumosho waliikanyaga wakienda sokoni. Wenye aibu kidogo husema ilifika kwa Polycarpe tu.

Emérence hakushangaa. Miaka yote aliona miti mirefu ikinywa jua la juu, mifupi ikitosheka na masalio, mizizi kila mmoja na kina chake.

Lakini Léopold alikuwa ameganda mbele ya kalitusi moja, nene, katikati ya msitu.

"Hii ilitoka wapi?"

"Ilianguka kwa camion yenu ya miche, siku ile mulipanda. Nikaiokota."

Akaipima mwenyewe, mara mbili. Kwenye mistari yake yote hapakuwa na iliyoifikia.

"Umri moja," akanong'ona. "Na hapa inabanwa na miti mingine..."

"Inabanwa? Iulize kama inalia njaa."

Léopold akakunja karatasi yake, akawageukia watu. "Salongo ya leo, tunazibua mtaro wa barabara."

"Kuzibua mtaro na panga hizi?" Polycarpe akalalamika.

Emérence hakuutoa mkono kwenye mkuyu mpaka panga la mwisho lilipopotelea konani. Hapo ndipo alipoketi juu ya majani.