Haloo ya Huzaifa

Bibi yangu Mwamina alimkatia simu mchumba wangu kwa neno moja tu: haloo.

Huzaifa anafundisha Kiingereza Nanganga. Nilimpa namba ya bibi, aliyenilea tangu mama afariki, ili amjulishe kwamba barua ya posa ingeletwa Jumamosi. Akapiga. "Haloo?" Bibi akakata, akaendelea kuanika korosho zake kwenye turubai.

"Mtu hata shikamoo hana, anataka mjukuu wangu!" alifoka. "Barua yake siipokei."

Nililia, sifichi. Kisha nikampigia Huzaifa nikampa vidonge vyake.

Kesho yake akatua kwetu Ruponda na bodaboda, vumbi mpaka kwenye kope. Alipiga hodi, akatoa shikamoo kwa adabu zote, akauliza hali ya bibi, ya mikorosho, mpaka ya kuku. Angeishia hapo! Lakini mwalimu akijua jambo, halali nalo.

"Bibi, lile neno zamani halikuwa salamu hata kwa Waingereza wenyewe. Walilitumia kumwita mtu wa mbali, labda mwenye mtumbwi aliye ng'ambo ya mto, au kuwahimiza mbwa wa kuwindia. Simu zilipokuja ndipo wakazoea kusalimiana nalo."

Nilitamani ardhi inimeze. Mbwa!

Bibi akamkazia macho. "Kwa hiyo uliniita kama mbwa."

"Hapana, bibi! Kama mwenye mtumbwi."

"Hapa Ruponda mtumbwi wangu umeuona wapi?"

Huzaifa akainuka. Aliaga kinyonge, akapanda bodaboda. Mimi nikabaki nimeshika kikombe chake cha chai ambacho hakukigusa, nikiwa na hasira na wote wawili, na kumpenda nimempenda vilevile.

Pikipiki ilikuwa imefika kwenye mikorosho ya mwisho bibi aliposimama, akaweka viganja mdomoni na kupaza sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Halooooo!"

Pikipiki ikageuka. Huzaifa aliruka kabla haijasimama sawasawa, akaja mbio, ndala moja ikabaki njiani.

"Naam, bibi!"

"Ulikuwa mbali," bibi alisema, akiinamia tena korosho zake. "Sasa kaa unywe chai. Na Jumamosi wazee wako wasichelewe."