Yowe la Mwanawema

Gari la abiria lilikwisha kuondoka Kengeja na linapanda kilima na mihogo na ndizi zake, Bi Mwatima bado hajapata pa kuweka mtungi. Aliupakata. Mdomo wa mtungi ulifungwa kipande cha kaniki, ukakazwa kwa kamba. Ubavuni mwake alikaa binti yake Mwanawema, mtalaka, mchumaji karafuu, ameshika buibui lisipeperuke.

"Bi Mwatima, humo mna nini, maziwa?" aliuliza Jaribu, utingo.

"Yowe la mwanangu. Twalipeleka kortini Chake."

"Basi likamate barabara. Likimwagika, mie simo."

Yowe lenyewe lilikuwa limekwama kwenye boriti za ghala tangu siku Shaame, msimamizi wa shamba, alipomwingiza Mwanawema mle kwa nguvu akakomea mlango. Wachumaji walipoingia na magunia waliinamisha vichwa kidogo, kama mtu apitaye chini ya kamba ya nguo. Hakimu alipotamka kwamba neno la mwanamke peke yake halitoshi, sharti awepo shahidi, Bi Mwatima alikwenda ghalani na upembo, mti wa kulabu wa kuvutia matawi, akalitungua.

Kortini aliitwa kwanza Hamad, mchumaji mwenzake Mwanawema.

"Ulisikia yowe?"

"Tulilisikia sote, bwana."

"Mkafanya nini?"

"Tulikimbia kuanua karafuu."

Hakimu alikuwa mgeni kisiwani, kwa hiyo Hamad alimweleza. Msimu wa karafuu, majamvi yametandikwa kila ua, mtu akipiga yowe ni mvua hiyo. Hapana anayetazama mbingu kwanza. Mwenye kutazama mbingu, zake zimelowa.

"Na mvua ilinyesha?"

"Wapi! Jua kali. Tukaanika tena."

"Hamkuuliza nani aliyepiga yowe?"

Hamad alifikiri. "Karafuu zilikuwa kavu, bwana."

Mwanawema aliulizwa kwa nini hakupiga yowe la pili. Alijibu kuwa alikuwa nalo hilo moja tu.

"Bwana hakimu, mtalaka huyu," alisema Shaame akicheka. "Alikuwa akitutangazia mvua, Mungu amlipe."

Ndipo Bi Mwatima alipofungua mtungi.

Yowe lilitoka, likazunguka chumba, likapitia dirishani. Chake nzima iliinuka. Wauza kahawa waliacha mabuli motoni, mwalimu wa chuoni alitoka na wanafunzi wake, na majamvi yote kando ya barabara yakakunjwa chini ya jua la adhuhuri. Askari aliyekuwa akimlinda Shaame alikimbia pia, kwani alikuwa na pishi zake za karafuu nyuma ya kituo. Karani aliomba ruhusa, akapewa. Shaame alibaki kizimbani peke yake, akangoja kwa adabu.

Waliporudi wakijipangusa jasho, hakimu alisoma hukumu. Korti imeridhika kuwa yowe lilikuwapo. Lakini yowe halikutaja jina la mtu, halikula kiapo, na mji mzima umethibitisha mbele ya korti kuwa maana yake ni mvua. Mshitakiwa aende zake.

"Na hiyo mvua i wapi?" aliuliza Bi Mwatima.

"Hilo si swali la korti hii, bibi."

Shaame alirudi shambani, na msimu uliofuata tajiri mwenye shamba alimwongezea la pili. Hamad aliuza karafuu zake, akasifiwa jinsi zilivyo kavu. Hakimu alihamishwa Unguja. Yowe lilibaki Chake, likawa linapita juu ya mapaa ya soko siku likitaka, na watu wakalizoea: likisikika huanua, likipita huanika tena. Bi Mwatima hakupanda tena gari la mjini mpaka alipofariki. Mwanawema aliolewa Gando na mvuvi mpole. Siku aliyojifungua hakusikika hata kidogo. Mkunga alijua mtoto keshatoka pale mtoto mwenyewe alipolia. Wa kike.