Orodha ya Wasiojiweza

Kila Jumanne na Alhamisi, saa moja unusu asubuhi, majina yalisomwa mtoni. Mto wenyewe ulikuwa mkavu, mchanga mtupu kutoka ukingo huu hadi ule, na sauti ya Munyao, katibu wa kikundi, ilipanda mteremko bila kizuizi hadi uani kwa Mutanu. "Kisilu!" "Niko!" "Nzilani!" "Niko!" "Wathome!" "Niko, na jembe langu!" Hapo watu walicheka, maana Wathome hakuwahi kuitika bila kulitaja jembe lake. Baada ya Wathome kilikuja kimya kifupi, cha pumzi moja tu, kisha Munyao akaendelea na Syokimau. Katika kimya hicho ndimo lilimokuwa jina la Maundu, mume wa Mutanu, tangu kikundi kilipoundwa hadi alipozikwa mwezi wa Mei.

Mutanu alikisikia kimya hicho akiwa ameshika ufagio. Hakuumia. Alikisikia jinsi mtu anavyosikia redio ya jirani, kisha akaendelea kufagia mahali alipokuwa amekwisha kufagia. Ilikuwa sasa Septemba na bado hakuwa ametoa chozi. Siku ya mazishi wanawake wa kanisa walikuwa wamejipanga nyuma yake, mikono tayari, wakingoja azimie kama desturi ili wamdake. Hakuzimia. Walisimama pale na mikono yao mpaka jeneza likafunikwa, na nadhani wapo ambao hawajamsamehe mpaka leo. Hawakujua kwamba alitamani sana kulia. Alikuwa amekufa ganzi, tena ganzi isiyowasha kama ya mguu uliokaliwa.

Kule mtoni walikuwa wakijenga bwawa la mchanga. Mgeni aliyefika kijijini Ndithini huenda akacheka akisikia watu wanajenga ukuta katikati ya mto usio na maji, lakini ndivyo kazi hii ilivyo. Mvua ya Novemba ikija, mafuriko huleta mchanga, mchanga hurundikana nyuma ya ukuta, na maji hujificha humo ndani ambamo jua haliwezi kuyafikia. Miezi ya kiangazi watu huchimba kidogo tu, wakateka ya kunywa na ya kumwagilia shamba la pamoja la mboga ukingoni. Maundu alikuwa miongoni mwa wale waliotembea na nondo wakitoboa mchanga mpaka wakaupata mwamba wa kuushikilia ukuta. Mradi ulileta saruji na fundi, wenyeji wakaleta mawe, kokoto na mikono yao.

Sheria zao zilikuwa chache, za mwethya, yaani ile kazi ya pamoja ambayo Wakamba waliifanya kabla ya mradi wowote kuzaliwa. Kila kaya ilitoa mtu mmoja. Aliyechelewa alikoroga zege hadi saa sita, na hakuna kazi iliyochukiwa kama hiyo. Kaya iliyofiwa ilipumzishwa. Ipumzishwe kwa muda gani, hakuna aliyewahi kusema. Juma la kwanza walimletea Mutanu uji, kuni na unga. Mwezi wa pili walimletea salamu. Baada ya hapo, akikaribia kisimani, mzaha ulikatika ghafla na vichwa vikainama upande mmoja, kana kwamba shingo zote za kijiji zimepata maradhi mamoja. Huruma yao ilikuwa ya kweli, na ilimzunguka kama ua wa miiba. Hakuna mbuzi aliyeingia, wala yeye hakutoka.

Jumanne hiyo alasiri Munyao alifika kwake na karatasi iliyofungwa ndani ya mfuko wa plastiki.

"Mama Jeff, hodi."

"Karibu, katibu."

"Nimekuletea kitu kizuri." Alikaa kwenye kigoda, akatoa kalamu mfukoni. "Yule Carol wa mradi anakuja Alhamisi kuchukua majina. Akishachukua, orodha imefungwa, hakuna mtu ataongezwa. Sasa wewe unaweka sahihi tu hapa."

"Ni ya nini?"

"Ni ya kupata maji na mboga bila kusumbuka. Tumekupangia kila kitu. Usijali, mwaitu, mama yetu."

Mutanu alitia sahihi. Angetiwa kalamu mkononi aandike kwamba yeye ni mbuzi, siku hiyo angeandika. Munyao alimshukuru kwa moyo mweupe, akamwachia nakala, akaenda zake akiwa ameridhika na wema wake.

Jioni mwanawe Jeff alipiga simu kutoka Kinanie, alikopanga chumba karibu na kiwanda alichofanyia kazi. Alipiga kila Jumanne, na kila Jumanne Mutanu alitafuta la kumwambia asilione. Safari hii angalau alikuwa na karatasi.

"Umesaini nini, Mum?"

"Sijui. Karatasi ya bwawa."

"Mum! Soma basi nisikie."

Akaiweka simu mezani, akaivuta taa karibu, akasoma kwa sauti, polepole, kama alivyosoma darasani miaka ile. "Kaya zisizojiweza. Kaya hizi zitapewa maji na mboga na kikundi. Hazitagawiwa sehemu katika shamba la mtoni, wala hazitapiga kura mkutanoni. Moja, Mzee Ndunda. Mbili, watoto wa marehemu Mumbua. Tatu, Mutanu, mjane wa Maundu."

"Si hiyo iko poa?" Jeff alisema. "Utapumzika. Wewe umefanya kazi sana, Mum."

"Mzee Ndunda amelala kitandani miaka minne. Anamwita kila mtu kwa jina la ng'ombe wake."

"Ndio, lakini hiyo ni orodha tu."

"Mimi najua jina langu," Mutanu alisema. "Niko na mikono."

Aliyasema bila hasira, wala hakujua yametoka wapi. Baada ya simu kukatika aliisoma tena ile karatasi, kimyakimya. Hakuhisi uchungu. Alihisi kitu kidogo tu, kama punje ya mchanga iliyoingia kwenye kiatu, ambayo mtu anaweza kutembea nayo mwendo mrefu kabla ya kukubali kuketi na kuvua kiatu hicho. Alilala nayo, akashinda nayo Jumatano nzima.

Alhamisi aliamka mapema na nia ya kushuka mtoni. Akachemsha chai, asiinywe. Akavaa gambuti za Maundu, zilizomzidi mguu. Kisha akaketi kitandani kujifunga kitambaa cha kichwa, na hapo saa zikamponyoka. Si kwamba alikuwa akiwaza. Alikuwa akiutazama ukuta, na ukuta ulimtosha. Sauti ya Munyao ilipopanda mteremko, kitambaa kilikuwa bado mapajani mwake. Kisilu, Nzilani, Wathome na jembe lake. Kisha kile kimya. Safari hii alikisikia kikipita, akajua kwamba Jumanne ijayo hakitakuwapo tena, kwa sababu orodha ikifungwa Munyao hatakuwa na haja ya kusita; atatoka kwa Wathome moja kwa moja hadi kwa Syokimau. Mutanu akafunga kitambaa kikiwa kombo, akashika njia.

Alipofika, kazi ilikuwa imekwisha kuanza. Watu thelathini hivi walikuwa wamejipanga mstari wakipokezana mawe kuelekea kwenye ukuta, ambao sasa ulifika begani. Carol, binti mwenye kofia pana na kalamu mbili, alikuwa ameketi juu ya mfuko wa saruji akipitia daftari pamoja na Munyao. Mstari ukasimama. Jiwe moja likabaki mikononi mwa mtu asijue alipeleke wapi. Nzilani, aliyekuwa zamu ya jikoni, akaja mbio na kigoda.

"Mwaitu, kaa hapa kivulini. Uji bado iko moto."

"Sikukuja kukaa. Nimekuja kazi."

Munyao alisimama, akatabasamu kwa wasiwasi. "Mama Jeff, karatasi yako iko sawa kabisa. Tulikupumzisha."

"Ni nani aliniuliza kama nimechoka?"

Wathome alilitazama jembe lake kana kwamba jibu limeandikwa kwenye mpini. Carol akarudi kwenye daftari lake, akionyesha busara ambayo watu wa miradi hawaonyeshi kila siku. Mutanu alisimama ndani ya gambuti zile kubwa na kuhisi ujasiri alioshuka nao ukimwishia. Wangemwacha asimame hivyo kwa heshima mpaka achoke, kisha wangemsindikiza nyumbani kwa heshima hiyo hiyo, na jina lake lingebaki chini ya Mzee Ndunda.

"Ni saa ngapi?" mtu aliuliza kutoka ukutani.

Alikuwa Syokimau. Mwanamke huyu alikuwa jirani wa Mutanu wa mpaka mmoja, mjane wa siku nyingi, na ulimi wake ulikuwa umewakata wengi pale kijijini, machifu wawili wakiwemo. Ndiye aliyesimamia zamu. Alishuka ukutani taratibu, akipangusa saruji mikononi.

"Katibu, nimeuliza ni saa ngapi."

Munyao akatazama simu yake. "Saa mbili na robo."

"Basi amechelewa."

"Syokimau, tafadhali..."

"Kikundi inasema nini juu ya mtu amechelewa?" Alingoja. "Hamtaki kusema? Inasema zege. Koleo ndio hiyo pale."

"Asi!" Nzilani alishika mdomo. "Huyu mtu ako na roho gani? Mama wa watu amefiwa!"

Mutanu alimtazama Syokimau usoni, akitafuta ubaya uliotajwa. Hakuuona. Aliona tu kwamba kichwa cha mwanamke huyo kilikuwa kimesimama wima. Kwa miezi minne hakuna mtu aliyemtazama bila kuinamisha shingo. Akapita katikati yao, akalichukua koleo.

Kukoroga zege si mchezo. Unageuza mchanga na saruji zikiwa kavu, mara tatu, kisha unatia kokoto, kisha maji, na lile rundo linakuwa zito kama mnyama asiyetaka kuamka. Kisilu, aliyeuacha mstari wa mawe aje kumsaidia, alianza kugeuza upande wake na wa Mutanu pia, kwa upole, mpaka Syokimau akamfokea kutoka juu. "Kisilu! Wewe hukuchelewa. Rudi kwa mawe!" Kisilu akaondoka akinung'unika. Mutanu akabaki peke yake na rundo. Mgongo ukakaza, jasho likamwingia machoni. Mikono ilifanya kazi mbali naye, kama mikono ya kuazima, akamwaga maji bila kupima.

"Hiyo ni zege ama unapikia watoto uji?" Syokimau alipaza sauti. "Ukuta ikianguka Novemba, maji tutakuja kuyatafuta kwako?"

"Kuja ukoroge wewe basi!"

Sauti iligonga ukingo wa pili ikarudi. Mutanu alishtuka kuisikia, kubwa na yenye mikwaruzo, ikiwa imetoka kwake. Watu waligeuka. Wathome ndiye aliyeanza kucheka, akafuatwa na mstari mzima, hata Nzilani jikoni akacheka huku bado amekasirika. Mutanu hakucheka. Aliongeza saruji na mchanga, akaendelea kugeuza, na kutoka hapo wale watu wakarudia porojo zao zilizokatika alipofika, tena bila kupunguza sauti.

Saa sita Syokimau alimletea maji kwenye kopo, akaketi kando yake juu ya mawe.

"Leo watasema mimi ni mbaya."

"Wewe ni mbaya," Mutanu alisema, akanywa.

"Mimi pia walinipumzisha, wakati ule." Syokimau alitazama mchanga. "Nilipumzika mpaka nikasahaulika. Ni huu mdomo ulinirudisha. Bila kelele hakuna mtu angejua niko." Akainuka kabla hajajibiwa, akaenda kumkaripia mtu mwingine.

Munyao alikuja na daftari, Carol nyuma yake. Alikuwa amekwisha kupiga mstari juu ya jina la tatu katika ile orodha nyingine. Sasa kalamu yake ilisimama katika orodha ya wafanyakazi, baada ya Wathome.

"Mama Jeff, niache tu Maundu kama kitambo? Kaya ni ile ile."

Mutanu aliyaona maandishi ya jina hilo. Katibu hakuwa amelifuta. Miezi yote hiyo alikuwa akifika hapo, akilisoma kwa macho, akilimeza.

"Maundu hatakuja," alisema. "Andika Mutanu."

Munyao akaandika, polepole, kwa mwandiko wake mzuri wa barua za kanisa. Carol alimuuliza Mutanu kama angependa kuketi kidogo. Alisema hapana, lakini hakujua kama amesema kwa adabu. Alifanya kazi na wenzake mpaka saa tisa, akapanga foleni kama wengine akala muthokoi, yaani mahindi yaliyokobolewa, na walipoagana Syokimau alimwambia bila kugeuka, "Jumanne, saa moja unusu."

Nyumbani aliwasha moto, akamimina maji kwenye beseni, akatia mikono. Malengelenge yalikuwa yamepasuka viganjani na yeye hakujua. Maji yalipoyagusa, maumivu yakapanda mpaka mabegani, makali, akaruka nayo.

"Maundu!" aliita. "Niletee hayo mafuta yako ya miguu!"

Aliita kwa ile sauti ya miaka ishirini na sita, yenye ukali kidogo, ya mtu anayejua kwamba mwenzake amesikia ila anajikokota. Kisha akangoja. Alingoja kweli, viganja juu, sikio upande wa chumbani, akimngoja mumewe ajitie kukohoa kama alivyojitia sikuzote kabla ya kuinuka. Kikohozi hakikuja. Alingoja zaidi ya alivyopaswa. Ndipo akaketi sakafuni kando ya beseni, akalia. Alilia kwa sauti, akimwita, akimlaumu kwa nini haitiki, akilia mpaka mbwa wa Syokimau akabweka ng'ambo ya ua na mtu akamnyamazisha.

Moto ulipobaki makaa, aliinuka akayatafuta yale mafuta mwenyewe. Aliyakuta juu kabisa ya kabati, mahali ambapo ni mtu mrefu tu angeyaweka. Akasogeza kigoda, akapanda, akayashusha.