Kengele kwenye Kona ya Mianzi

Barabara haina mwenyewe. Nawaambia vijana kila siku, na kila siku wananicheka. Haya, chekeni. Mimi Tusekile ninajua ninachokisema.

Niliolewa kutoka Ikombe, kwetu kwa wafinyanzi, nikaletwa huku bondeni kwenye mpunga na migomba. Ilikuwa enzi ya Mdachi, kabla ya vita. Mume wangu Gideoni alikuwa mpole. Baba yake ndiye niliyemwogopa, na si kwa ubaya wake. Huku mkamwana hamwoni baba mkwe wake, wala yeye hamwoni mkamwana. Mkikutana njiani unatoka, unachutama majanini, unampa mgongo na kujifunika nguo mpaka apite. Humsemeshi. Jina lake hulitaji, na mimi hata leo silitaji. Watu walimwita Mwalimu, maana alifundisha watoto kusoma misheni.

Wamisheni walimpa baiskeli, ya kwanza kuonekana upande wetu. Yeye akaifunga kengele kubwa ya shaba kwa ajili yetu sisi wakamwana, kwa sababu baiskeli haina kishindo cha miguu, ingetufumania. Akikaribia migomba alipiga mara mbili, akanyamaza. Sisi tunatawanyika kama kuku walioona mwewe! Nilimpenda kwa kengele ile. Uso wake sikuwahi kuuona, lakini mtu anayekupigia kengele usiaibike ni mtu mwema. Sauti yake niliijua kwa nyimbo alizoimba jioni nyumbani kwake, ng'ambo ya ukuta wa mianzi.

Shida ni kwamba mtu akizoea kupishwa, husahau kupisha. Mwalimu alipita katikati ya barabara, katikati kabisa. Wapagazi pembeni, ng'ombe pembeni, hata akida alisogea.

Halafu ikaja motakaa. Ilishushwa melini pale Itungi, vipande vipande, mali ya Mdachi mmoja aliyelima mpira. Na dereva wake akawa nani? Ezra, kaka yangu wa tumbo moja, aliyejifunza mitambo melini. Mwe, alivyovimba kichwa! Alivaa kofia, akakaza shingo, akapita katikati vilevile.

Ile barabara ilikuwa tuta jembamba lililopita juu ya majaruba ya mpunga. Kulikuwa na kona moja, mianzi imeifunika kote kote, huoni mbele hata hatua kumi.

"Kaka," nilimwambia Ezra, "pale kwenye mianzi piga honi, upunguze mwendo. Mwalimu hupita pale kila siku."

"Dada, motakaa inanguruma inasikika mpaka Matema. Asiyesikia ana lake."

"Na baiskeli ikiwa katikati?"

"Itatoka. Ng'ombe wanatoka, seuze mwalimu!"

Nikamtuma Gideoni kwa baba yake: amwombe ashike ukingo wa barabara. Gideoni akarudi ameinamisha kichwa. "Baba anasema kengele yake inatosha. Anasema barabara ile aliilima yeye na wenzake kwa kiboko, Ezra hakuwepo."

Basi nikabaki hapo katikati yao. Kaka naweza kumfokea, na hasikii. Baba mkwe pengine angenisikia, nami simsemeshi. Nilijua watauana, na kila motakaa ilipotoka nilikaa nikisikiliza mpaka irudi.

Siku yenyewe nilikuwa natoka sokoni Lyulilo. Nilishuka mtumbwi Itungi, nikajitwika vyungu vya mama yangu, nikashika barabara. Jua lilikuwa limepanda vizuri. Nyuma yangu, ziwani, moshi ukasimama. Haukuwa moshi, ilikuwa kungu, vijidudu vya ziwani vinavyopanda kwa wingi usio na hesabu kama moshi wa nyumba inayoungua. Kwa kawaida tunavikamata, tunavikanda, tunakula. Lakini siku ile upepo ulivileta nchi kavu, vikatufunika.

Mchana ukageuka kijivu. Ndege wakanyamaza. Vijidudu vikanijaa puani, masikioni, kwenye kope. Barabara niliijua kwa nyayo tu. Nikasema moyoni, Ee Kyala, Mungu wetu, leo wasitoke wale wawili.

Hapo nikasikia kengele.

Ilitoka mbele yangu, upande wa mianzi. Lakini haikulia alivyoipiga yeye. Ililia ovyo, bila kukoma, kama meno ya mtu mwenye homa. Hata hivyo desturi ni desturi. Nikatua vyungu, nikateremka kwenye majani, nikachutama, nikampa mgongo, nikajifunika.

Kengele ikakaribia. Kisha chini yake nikasikia mngurumo. Vyote viwili, upande mmoja! Nikaelewa kwamba Ezra yuko nyuma ya Mwalimu na wala hamwoni. Nilitaka kumpigia kelele atoke. Tangu niolewe sijawahi kumtupia mzee yule hata neno moja. Nikafumba macho, nikaanza kulia.

"Tusekile."

Sauti ilikuwa hapa, nyuma ya kisogo changu. Ilikuwa ileile ya nyimbo za jioni. Baba mkwe haliiti jina la mkamwana wake, jamani, haiwezekani.

"Inuka, mwanangu. Msimamishe kaka yako. Mimi niko kwenye mianzi."

Sijui nilivyoinuka. Nilitupa nguo ya kichwa, nikageuka na uso wazi, tayari kumwona. Hapakuwa na mtu. Majani hayakukanyagwa. Kengele ilikuwa bado inakuja barabarani, nami nikaruka juu ya tuta, nikanyoosha mikono yote miwili.

Motakaa ikatokeza ndani ya kungu. Breki zikalia. Ilisimama chuma chake kikinigusa magoti.

Na kengele ilikuwa juu yake. Ilikuwa imenasa mbele, kwenye chuma cha taa, pamoja na kipande cha usukani wa baiskeli. Mtambo ulipotetemeka, nayo ikalia.

Ezra alishuka, akaitazama, akaketi chini.

"Pale kwenye kona kitu kiligonga," alisema. "Nilidhani ni mwanzi umeanguka. Halafu nikaisikia kengele mbele yangu. Mbele yangu, dada! Nikasema, kumbe huyu mzee ananitangulia, leo simpishi. Nikaongeza mwendo."

"Honi ulipiga?"

Akaivua kofia yake. Nilimpiga kofi, nikamvuta kwa shati, nikamrudisha kwenye usukani. "Geuza. Yuko kwenye mianzi."

"Umejuaje?"

"Geuza!"

Kutoka pale mpaka kwenye kona ni mbali, ukitembea, wali uliouacha jikoni unaiva. Tulimkuta ameegemea mianzi, baiskeli imekunjamana katikati ya barabara, katikati kabisa, kama ilivyokuwa desturi yake. Kifua kilikuwa kimebonyea. Taya lilikuwa limevunjika, linaning'inia, na ulimi umechanika. Kinywa kile kisingeweza kutoa neno lolote.

Aliniona nikija. Mara ya kwanza macho yetu yakakutana. Uso mfupi, nyusi zenye mvi, Gideoni mtupu. Na papo hapo akafumba macho, akayakaza. Damu inamtoka, roho inamtoka, na bado baba yule alikuwa akinipigia kengele nisiaibike.

Nikasema desturi na inisamehe. Nikamkumbatia, tukampakia motakaani kumpeleka misheni, nikaweka kichwa chake mapajani pangu. Safari hii Ezra aliendesha polepole, akapiga honi kwenye kila kichaka, hata pasipo na mtu. Alikuwa akilia kwa sauti.

"Baba," nilimnong'oneza, "nimekusikia. Ndaga, baba, asante."

Machozi yakapenya kwenye kope zilizofumbwa. Macho hakuyafumbua. Tulipofika daraja la magogo, mkono wake ulikuwa umelegea.

Wazee walikaa kutafuta mwenye kosa. Wengine walisema honi haikupigwa. Wengine walisema mzee hakushika ukingo. Nikasimama, mwanamke mimi, nikawaambia wote wawili walikuwa sahihi mpaka walipokutana. Ezra ndiye aliyechimbia mti kwenye ile kona, akaitundika kengele, na tangu siku ile mwenye gari na mwenye baiskeli husimama kwanza, akaipiga, akasikiliza.

Vita vilipokuja, Ezra alichukuliwa kuendesha magari ya askari, hakurudi.

Kengele bado iko. Siku za kungu hulia yenyewe, mara mbili, ikanyamaza. Vijana wanasema ni upepo. Mimi hutua mzigo, nikateremka majanini, nikachutama, nikampa mgongo na kujifunika. Kisha nasubiri kama ataliita jina langu. Haliiti. Basi najua njia ni salama, najitwika vyungu vyangu na kupita ukingoni.