Gongo la Bibi Uulkan Lapigwa Viatu

Bibi Uulkan alipoanguka mbele ya duka la mikate na kuvunjika nyonga, kilichomuuma zaidi hakikuwa nyonga. Kilichomuuma ni kwamba alianguka kitako, miguu juu, soksi zenye viraka hadharani, na kwenye foleni ya mikate alikuwepo mkwe wake Tursunkan, mama wa mume wa binti yake, ambaye hakukosa kuona hata kiraka kimoja.

"Pole sana, mkwe wangu," Tursunkan alisema, midomo ameibana kama mtoto aliyeficha pipi mdomoni.

Uulkan alikuwa amelala chali kwenye barafu, maumivu yanampanda mpaka kisogoni, lakini ile midomo aliiona.

Hospitali walimtia chuma kwenye nyonga. Mwanawe anayefanya kazi Urusi akamtumia gongo la miguu minne, jepesi, la kijivu, lenye vifuniko vya mpira chini ya kila mguu. Kiangazi chote gongo lilikuwa na adabu zake. Alikwenda nalo sokoni, akaenda nalo kwenye matanga mawili na harusi moja, akampiga nalo mbwa wa jirani. Kisha Novemba mji wao wa Naryn, kule milimani, ukaganda kama kawaida yake, ule mpira ukawa mgumu na wa kuteleza kama kipande cha sabuni, na gongo likapoteza akili. Miguu miwili ikawa inataka kwenda mtoni, miwili inataka kwenda msikitini, na Uulkan katikati yake ananing'inia.

"Basi," akasema Gulsaira, mke wa mwanawe, aliyekuwa akiishi naye. Gulsaira alikuwa mwanamke mwema mwenye sauti ya kuita ng'ombe mlima wa pili. "Mama hatoki tena nje mpaka Aprili. Nimesema."

"Nani amesema?"

"Mimi nimesema, na daktari amesema, na hata hilo gongo lenyewe limesema."

Uulkan akakaa ndani. Alikaa Desemba, akakaa Januari, akafuma soksi mpaka paka naye akawa na soksi. Mwezi wa Februari simu ikalia, na alikuwa Tursunkan.

"Mkwe wangu, habari njema! Mjukuu wetu Bektemir amesimama mwenyewe! Jumamosi tunamkata kamba za miguu."

Uulkan akapiga ukelele wa furaha. Mtoto anapoanza kusimama, hufungwa miguu kwa uzi wa sufu, mweusi na mweupe umesokotwa pamoja, kisha watu wanashindana mbio, na anayefika wa kwanza ndiye anayeukata uzi na kumtembeza mtoto hatua zake za mwanzo. Mtoto asiyekatwa kamba atajikwaa maisha yake yote. Na huyu alikuwa mjukuu wake wa kwanza kwa binti yake.

"Nitakuja mapema nikusaidie kukaanga maandazi," akasema.

Tursunkan akaharakisha kujibu.

"Ah, mkwe wangu, usijisumbue na barafu hii. Mtaa wetu umekuwa kioo kitupu, bomba la jirani lilipasuka. Utapigiwa picha. Na nyama yako nitakufungia kwenye mfuko."

Nyama ya mfuko! Uulkan alikata simu akabaki ameiangalia kama imemtemea mate. Yeye, mama yake mama wa mtoto, aletewe nyama kwenye mfuko wa plastiki kama mlinzi wa ghala.

Kesho yake, Gulsaira alipokwenda kazini, Uulkan alivaa buti zake za sufu, na juu ya buti akavuta soksi kubwa za manyoya ya mbuzi, maana sufu hushika barafu kuliko ngozi. Akajaza majivu ya jiko kwenye ndoo ndogo akaitundika shingoni kwa mtandio, ili mikono yote miwili ibaki kwenye gongo. Akafungua mlango. Akarusha majivu mbele, akasogeza gongo, akasogeza mguu mbovu, akaufuatisha mzima. Akarusha tena. Alivuka barabara hivyo, kama kuku anayejitandikia njia mwenyewe, mpaka kwenye ua wa Shamyrkan, fundi wa kupiga farasi viatu.

Shamyrkan alikuwa ndani ya banda anakunywa chai. Alimtazama mama huyu mwenye ndoo shingoni, uso mweusi wa majivu, akainuka kwa heshima.

"Mama Uulkan! Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nataka unipigie viatu."

"Wewe?"

"Gongo, punguani. Vile viatu vya baridi, vyenye njumu, yale meno ya chuma. Farasi wako wanapita kwenye mto ulioganda wakicheza, na mimi nashindwa kufika dukani."

Shamyrkan aliweka bakuli la chai chini. Alilizunguka gongo polepole, mara moja kulia, mara moja kushoto. Akalishika mguu mmoja wa mbele, akaukunja kwapani kama anavyofanya kwa farasi, na kwa kuwa haukukunjika, akajikuta amelinyanyua gongo zima na Uulkan akabaki ameshika ukuta.

"Ana miaka mingapi?" akauliza.

"Mwaka mmoja kasoro."

"Bado mdogo. Amewahi kupigwa viatu?"

"Shamyrkan, hilo ni bati."

"Najua ni bati, mama. Lakini kazi ni kazi." Akaligonga gongo kiunoni kwa kiganja. "Tulia, Boz. Tulia, mwanangu."

Boz ni jina wanalopewa farasi wa kijivu. Uulkan akalitazama gongo upya. Jina lilikuwa linalifaa.

Fundi alivua vile vifuniko vya mpira, akafua vikombe vinne vya chuma vya kuingia mahali pake, na chini ya kila kimoja akapigilia njumu za kwenye barafu, zile ndefu, za farasi wa milimani. Miguu ya nyuma aliipa njumu nene zaidi. Uulkan alipouliza kwa nini, alisema kila mnyama husukumia nyuma. Alipomaliza alilisimamisha gongo kwenye barafu ya uani, akalisukuma kwa bega, na halikusogea hata unywele. Akalipiga teke. Akashika kidole chake cha mguu akarukaruka akienda mpaka kwenye mlango wa banda.

"Huyu," akasema akiugulia maumivu, "huyu angeweza kupanda milima ya Tian Shan."

Jioni Gulsaira alikuta mashimo kwenye sakafu yote, kuanzia mlangoni mpaka jikoni, kama tembo aliyevaa viatu vya kisigino kirefu amepita.

"Mama! Hii ni nini?"

"Boz."

"Boz nani?"

Walibishana mpaka chakula kikapoa. Mwisho Gulsaira alilibeba gongo mpaka uani kulikoganda, akalishika kwa mikono miwili na kulisukuma kwa nguvu zake zote, na nguvu zake hazikuwa haba. Gongo lilibaki pale pale. Aliyeteleza ni Gulsaira, akakaa chini na kishindo.

"Haya," akasema akiwa bado chini. "Jumamosi tutakwenda. Lakini soksi juu ya buti, hatua fupi, magoti yamelegea kidogo, na hakuna kuweka mikono mfukoni."

"Mikono mfukoni nitaiwekaje, nimeshika farasi?"

Jumamosi walifika kwa Tursunkan mchana, jua linawaka na baridi inakata masikio. Bomba la jirani kweli lilikuwa limepasuka, na mtaa mzima ulikuwa bamba moja la barafu linalong'aa, limeinama kidogo kuelekea chini. Wageni walikuwa wanaingia ua ule wakishikana mikono kama vipofu. Uulkan aliingia akitembea peke yake, kra, kra, kra, kidevu juu.

Tursunkan alimwona dirishani, akatoka mlangoni na tabasamu ambalo halikuwa tayari.

"Mkwe wangu! Umefikaje?"

"Nimepanda farasi," akasema Uulkan, akapanda kizingiti na kuingia ndani.

Hapo ndipo alipokosea. Mwenye njumu, akifika mlangoni, hubadilisha. Gulsaira alikuwa amebeba vifuniko vya mpira mfukoni kwa kazi hiyo hiyo, lakini alikuwa bado uani anasalimia watu. Uulkan alipiga hatua mbili ndani ya sebule, juu ya zulia kubwa la sufu ambalo Tursunkan alilitengeneza kwa kushindilia sufu kwa mikono yake mwenyewe kabla ya harusi ya kijana wake, jekundu na jeusi, lenye michoro ya pembe za kondoo dume. Akasogeza gongo hatua ya tatu, na zulia likaja nalo. Alivuta. Zulia likajikunja, na meza fupi iliyokuwa juu yake ikaja pia, na juu ya meza vikombe, jamu, siagi, na mlima wa maandazi madogo ya boorsok, vyote vikaanza safari kumfuata Uulkan.

"Simama!" akapiga kelele Tursunkan.

"Nimesimama! Zulia lako ndilo linatembea!"

Watu wanne walilichomoa gongo, njumu moja moja. Tursunkan aliyatazama yale matobo, akakumbuka kwamba nyumba imejaa wageni.

"Mkwe wangu mpenzi," akasema kwa sauti nyembamba, "huyo mnyama wako atakaa nje."

"Basi na mimi nitakaa naye nje."

Akaletewa kiti, blanketi na chai, akawekwa kando ya barabara kule juu, mahali pa kuanzia mbio. Alikunywa ile chai amenuna. Kutoka pale alimwona Bektemir chini karibu na lango, amesimamishwa kwenye kipande cha zulia kuukuu, mnene kwa makoti, miguu imefungwa uzi, mikono imeshikwa na mama yake. Mtoto alikuwa anawatazama watu kama mzee anayesubiri watoe maelezo.

Wakimbiaji walikuja wakajipanga mbele ya kiti cha Uulkan: watoto wa mtaa mzima, mashangazi watatu, na mwalimu mmoja wa michezo aliyevua koti ili watu waone. Tursunkan akatangaza kutoka langoni, "Atakayefika wa kwanza anakata kamba na anapata zawadi!"

Shamyrkan, aliyekuwa amealikwa kwa sababu kila mtu humwalika, akashusha kofia yake. "Haya!"

Wakaondoka wote pamoja na wakaanguka wote pamoja. Mwalimu wa michezo alikwenda mbali kidogo kuliko wengine, lakini alikwenda kwa tumbo, na aliingia kwenye banda la kuni. Watoto walikuwa wanainuka na kuanguka, kila anayeinuka anamshika mwenzake, na mwenzake anakwenda naye. Mashangazi wawili walikuwa wamekaa wanazunguka taratibu, wanacheka mpaka machozi yanaganda.

Uulkan aliweka kikombe chini. Akainuka. Gongo, mguu mbovu, mguu mzima.

"Mama!" Gulsaira akaita kutoka langoni. "Mama unakwenda wapi?"

"Kwa mjukuu wangu!"

Kra. Kra. Alipita katikati ya rundo la watoto. Shangazi wa tatu alidaka mguu wa nyuma wa gongo ili ajiinue.

"Niachie, wewe! Huyu anapiga teke!"

"Nivute, mama, nivute kidogo tu!"

Uulkan akamvua glovu iliyoshikilia gongo, mkono ukachomoka, shangazi akabaki hana cha kushikia, akarudi kinyumenyume alikotoka. Kule langoni watu walikuwa wameanza kupiga makofi. "Boz! Boz! Boz!" alikuwa anapiga kelele Shamyrkan, akikimbia sambamba naye kando ya barabara, akianguka, akiinuka, akiendelea pale alipoishia. Mwalimu wa michezo alitokeza bandani na gogo begani, akaona anayemtangulia, akaongeza kasi, na hilo likawa kosa lake la pili.

Uulkan alifika akihema, pua nyekundu, mtandio umepinda. Tursunkan alikuwa ameshika mkasi. Alimtazama, akatazama barabara iliyojaa watu waliolala, na ile midomo yake ikaanza kutetemeka. Safari hii aliiachia. Alicheka kwa sauti, akainama, akajishika magoti.

"Kata, mkwe," akasema akifuta macho. "Kata kabla hujaifanyia nyumba yangu jambo jingine."

Uzi ukakatwa. Mshindi sasa alitakiwa kumshika mtoto mikono amtembeze, lakini mikono ya mshindi ilikuwa kwenye gongo, na Gulsaira alishafoka kwamba asiliachie. Bektemir alilitatua mwenyewe. Alishika ule mguu wa mbele wa kijivu, akaufikiria, akapiga hatua. Uulkan akasogeza gongo kidogo sana, kwa uangalifu kuliko alivyowahi kusogeza kitu chochote. Mtoto akapiga nyingine. Kisha akakaa chini, akaanza kulamba chuma, ulimi ukagandia hapo hapo kwa baridi, na ilibidi walete chai vuguvugu kuunasua.

Zawadi ilikuwa kigari cha theluji, kile kisicho na magurudumu, chekundu, kipya.

"Mkwe wangu," Tursunkan akasema kwa upole, "hiki bila shaka utawaachia watoto."

"Ulitangaza nini?"

"Atakayefika wa kwanza..."

"Na mimi nimefika wa ngapi?"

Walikula mpaka jioni, gongo likiwa limevaa mpira wake ndani ya nyumba kama mgeni mstaarabu. Tursunkan mwenyewe alimkatia Uulkan mafuta ya mkia wa kondoo, kipande cha kwanza, cha mgeni wa heshima. Wakati wa kuondoka, Uulkan alikaa juu ya kigari akiwa amefungwa blanketi, Boz amelala mapajani na miguu minne hewani, na Gulsaira akashika kamba kuvuta.

"Hatua fupi," Uulkan akamwambia. "Magoti yalegee. Tembea kama bata."

"Mama, usinifundishe kutembea."

Gulsaira akateleza. Kamba ikamtoka. Mtaa ulikuwa umeinama, na kigari kilikuwa kipya. Uulkan aliteremka akipita lango la kwanza, lango la pili, wazee waliokuwa wanatoka msikitini wakagawanyika huku na huku wameshika kofia zao, na sauti yake ikasikika mpaka kwenye kona, na haikuwa sauti ya mtu anayeogopa. Alisimama taratibu kwenye theluji laini mwisho wa barabara.

Gulsaira alimfikia akikimbia na kuanguka, roho mkononi.

"Mama! Uko mzima? Nyonga? Mama, sema kitu!"

Uulkan alijifuta theluji kwenye kope, akamtazama mke wa mwanawe.

"Nivute tena mpaka juu," akasema. "Na safari hii na wewe panda."